Kutembea na watoto kwenye vilima vya mashamba, Dodoma: mwongozo kamili

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, nimesikia lalamiko moja kutoka kwa karibu kila familia ngeni inayopanga mtaani kwetu: "Huku Jumamosi watoto unawapeleka wapi?" Bahari hakuna. Basi wanaishia kwenye nyama choma, watoto wanagombea bembea moja, baba anaangalia mpira, mama anaangalia saa. Na muda wote huo, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka mjini, kuna vilima vyenye mashamba ya mtama, alizeti, karanga na zabibu, na kati ya mashamba hayo kuna vijia vilivyokanyagwa na wakulima, ng'ombe na wanafunzi mpaka vikawa vigumu kama sakafu. Havina kibao, havina kiingilio, havina geti.

Hapo kwenye geti ndipo wengi wanapokosea. Wakiona njia haina geti, wanadhani haina mwenyewe. Ina wenyewe, tena wengi, na wako palepale wameinamia majembe yao. Ukiacha habari za viatu na maji, mwongozo huu wote unarudi kwenye jambo hilo moja: unapita uani kwa watu, kwa hiyo unapiga hodi.

Njia ninayoijua vizuri iko upande wa barabara ya Iringa, maeneo ya Bihawana na Mpunguzi. Kijiji chenyewe sikitaji, kwa sababu wenyeji wake hawajaomba kuletewa magari ishirini kila Jumapili. Na wala huhitaji njia yangu. Vilima vya namna hiyo vimeizunguka Dodoma pande zote. Ukienda Makutupora utavikuta, ukienda Hombolo au Mvumi utavikuta, na ukiwa na siku nzima, vilima vya Irangi huko Kondoa ni vizuri kuliko vyote. Utajifunza kutafuta ya kwako.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kwanza

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na mvua yote ya mwaka ni kama milimita 500 hadi 600 tu. Kwa kuwa ni kidogo, mkulima hachezi na kipande cha ardhi. Kijia ulichokipita Septemba ukija kukitafuta Februari hukioni, kimelimwa na kupandwa. Huo si uchokozi. Shamba ni lake, na njia ilikuwa ya kiangazi.

Desemba na Januari mimi siendi. Watu wanapanda na kupalilia, mbegu ndiyo kwanza inatoa masikio mawili, na mtoto hajui tofauti ya mche wa karanga na jani la porini. Februari na Machi kilima ni kijani hadi unashangaa kama ndiyo Dodoma ileile, na zabibu za msimu wa kwanza zinavunwa. Ila mtama na uwele vimeshampita mtu mzima kimo. Mtoto wa miaka sita akiingia humo hatua kumi, humwoni tena, unabaki kusikia sauti. Ukienda miezi hiyo, kaa kwenye njia pana ya mkokoteni na watoto washikwe mikono.

Aprili na Mei kuna kitu kimoja ambacho watoto wa mjini hawatakisahau: kuamia ndege. Mtama ukishaanza kujaa punje, kwelea kwelea wanashuka kwa makundi, na familia nzima inashinda shambani kuwafukuza. Utaona dungu limeinuliwa katikati ya shamba, juu yake yuko kijana na kombeo, na pembeni debe bovu la kugonga. Sauti ya debe hilo inaanza kabla jua halijachomoza. Msisimame chini ya dungu wala upande ambao kombeo linaelekezwa. Jiwe la kombeo halichagui.

Juni hadi Agosti ndiyo miezi yenyewe. Mavuno yamekwisha au yanakwisha, shule zimefungwa mwezi Juni, asubuhi kuna baridi ya kuvaa sweta, na ng'ombe wameingizwa mashambani kula mabua, kwa hiyo vijia vimefunguka. Kama nalazimishwa kuchagua wiki moja ya mwaka mzima, nachukua mojawapo ya wiki za mwisho wa Agosti: hali ya hewa bado ina adabu na zabibu za msimu wa pili zimeanza kuiva. Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mashamba mengi ya zabibu duniani hayalijui. Oktoba na Novemba jua linakuwa kali mno, vumbi linapanda, na chamchela inaweza kuwapitia mkiwa katikati ya uwanja wa wazi. Wageni niliowahi kuwapeleka miezi hiyo hawakurudi tena.

Hatua ya 2: Ipite mwenyewe kabla ya watoto

Nenda peke yako au na mtu mzima mwenzako, siku ya kazi, asubuhi. Usitegemee ramani ya simu. Inaonyesha njia iliyokuwepo picha ilipopigwa, na Dodoma ya sasa shamba la mwaka jana ni kiwanja cha mwaka huu, kina ukuta na mbwa. Kwenye mashamba ya karibu na mji utaona vijiwe vya mipaka ya viwanja vimechimbiwa ardhini. Waambie watoto mapema kwamba hilo jiwe haling'olewi, haliburutwi, halihamishwi hata kwa mzaha. Kesi za ardhi zinaanza kwa vitu vidogo kuliko hicho.

Njia ya kuamini ni ile ya wanafunzi. Uliza shule ya msingi iko wapi, kisha uliza watoto wanaotoka upande wa pili wa kilima wanapitia wapi. Kijia hicho kina sifa zote unazotaka: hakina mteremko wa kuvunja miguu, kinapita mbali na mbwa wakali (watoto wa shule wana elimu kubwa ya mbwa), na kinavuka korongo mahali pazuri. Njia ya ng'ombe nayo ni pana, lakini inaishia kwenye lambo, na inakupeleka ng'ombe wanakotaka.

Hesabu urefu kwa miguu ya mtoto mdogo kuliko wote. Mwendo wa familia yenye mtoto wa miaka minne au mitano ni kilomita mbili kwa saa, si nne, maana kuna kila mjusi wa kutazama. Njia yangu ni kama kilomita nne kwenda na kurudi, na kupanda kwake hakuzidi mita mia moja. Mtoto wa miaka mitano anaimaliza kwa miguu yake. Wa miaka mitatu atabebwa robo ya mwisho, kwa hiyo kanga ya kumbebea mgongoni iwepo hata kama mwenyewe ameapa kwamba hatabebwa.

Katika safari hiyo ya kwanza tafuta vitu vitatu: kivuli cha kupumzikia katikati ya njia, mahali pa kugeuzia kabla ya kilele iwapo mtoto atagoma, na sehemu ambayo simu inashika mtandao. Angalia pia kilima hakina mnara au uzio wenye tangazo la kuzuia kupita na kupiga picha. Huu ni mji mkuu. Kilima cha namna hiyo kiache, kiko kingine.

Hatua ya 3: Piga hodi

Hapa sitafanya haraka, kwa sababu mara ya kwanza mimi mwenyewe nilipachukulia haraka.

Nilikuwa na wanangu wawili na mtoto wa dada. Kijia kilizunguka shamba, nikaona tukikata katikati tutaokoa dakika tano. Lilikuwa shamba la karanga, zimeshang'olewa na kugeuzwa mizizi juu zikauke. Mimi kwa macho ya mjini niliona majani makavu. Tulikuwa tumefika kati, watoto wanaruka tuta hadi tuta, chini ya raba kunalia kwa-kwa-kwa, niliposikia sauti ya mama mtu mzima kutoka chini ya mgunga.

"Mwanangu, hao watoto wanakanyaga ada ya shule."

Hakupaza sauti. Ingekuwa heri angepaza. Nilirudi hadi alipokaa, nikamwamkia, nikaomba radhi. Akaniuliza natoka wapi, wazazi wangu ni wa wapi, kwa nini natembeza watoto juani kana kwamba nimefukuzwa nyumbani. Tukaishia kukaa naye nusu saa, watoto wakimsaidia kuchambua karanga walizozivunja. Tulipoondoka alituonyesha njia bora kuliko yangu.

Tangu siku hiyo utaratibu wangu ni huu. Siku ya kukagua njia naanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji, au wa mtaa kama bado ni ndani ya jiji. Asipokuwepo, kwa balozi, au hata kwa muuza duka wa njia panda, maana yeye atamfikishia mwenyekiti habari kabla yako. Jitambulishe kwa jina, sema unakokaa, sema siku mtakayokuja, mko wangapi, na mna watoto. Sema wazi kwamba mnatembea tu, hamtafuti viwanja. Hilo la mwisho usilisahau. Mgeni mwenye viatu visafi anayezunguka mashambani Dodoma, dhana ya kwanza ni kwamba anapima eneo.

Njiani, salamu inatangulia kila kitu. Kwa Wagogo, "Mbukwenyi" inasalimia watu wengi kwa heshima, na mmoja utamwambia "Mbukwa". Wafundishe watoto kwenye gari. Watoto wakiitamka vibaya ndiyo vizuri zaidi, maana mzee atacheka, atawafundisha upya, na kuanzia hapo nyinyi si wapita njia tena. "Shikamoo babu", "shikamoo bibi" ziko palepale kwa kila aliyewazidi umri. Ukimkuta mtu yuko mbali analima, inua mkono na sema "Poleni na kazi." Msipite kimya. Anayepita kimya karibu na shamba la mwenzake ana sababu, na wenyeji watataka kuijua.

Picha ziombwe kabla ya kupigwa. Watoto wa kijijini wasigawiwe hela wala pipi, tafadhali. Baada ya familia tatu za namna hiyo, ya nne itakuta watoto wameacha mbuzi na kukaa barabarani wakingoja. Ukitaka kuacha kitu, nunua: karanga, ubuyu, mayai ya kienyeji, maboga, zabibu zikiwepo. Na ukimchukua kijana mwenyeji awaongoze, jambo ninalolishauri kwa safari ya kwanza, mkubaliane malipo kabla ya kuanza kutembea na umlipe mbele ya mtu.

Hatua ya 4: Mzigo

Maji: lita moja kwa mtoto, lita moja na nusu kwa mtu mzima, kwa matembezi ya saa tatu. Usipange kujaza njiani. Maji ya lambo hayanywewi wala hayaogewi. Kichocho kinaingia kwenye ngozi hata kwa mtoto aliyechovya miguu tu. Beba pia chupa moja ya ziada isiyo ya kunywa. Kazi yake utaiona mbele.

Chakula kiwe kile ambacho jua haliharibu: viazi vitamu vya kuchemsha, mayai ya kuchemsha, chapati, ndizi, karanga. Chokoleti acha nyumbani. Ubuyu uliokaangwa kwa sukari na rangi unaleta kiu, ila ubuyu wenyewe mkavu wa kumung'unya ni mzuri sana kwa mtoto anayelalamika, kwa sababu mdomo unakuwa na shughuli. Weka kila kitu kwenye kikapu au begi la kitambaa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na hata ile iliyobaki, mbuzi akila mfuko ni hasara ya mwenyewe.

Viatu ndivyo vinavyoharibu safari nyingi. Adui wa Dodoma ni mbigili, kale kamwiba kenye pembe kanakotambaa ardhini na kukaa kameinua ncha moja juu muda wote. Kanapenya yeboyebo kama siagi. Raba yenye soli nene, soksi ndefu, suruali ndefu nyepesi. Wenyeji watakuwa wamevaa katambuga za tairi, na hao mbigili haziwapati.

Kofia pana, kanga mbili (ya kubebea na ya kukalia), kibano kidogo cha kutolea miiba, bendeji pana ya kufungia, sabuni, filimbi moja kwa kila mtoto. Pakiti mbili za chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, inafanya kazi ileile.

Namba za dharura ziwe kwenye simu mbili tofauti: polisi 112, zimamoto na uokoaji 114, pamoja na ya mwenyekiti uliyemwona.

Hatua ya 5: Muda na usafiri

Jua Dodoma linachomoza kati ya kama saa 12 na dakika kumi na saa 1 kasoro dakika kumi asubuhi kutegemea mwezi. Miguu iwe njiani saa 1 na nusu, na muwe mmesharudi kwenye gari saa 4 na nusu. Jioni pia inawezekana kuanzia saa 10, lakini giza la huku linaanguka ghafla, na mtoto aliyechoka anatembea polepole maradufu. Mimi nachagua asubuhi.

Gari liachwe dukani au kanisani kwa ruhusa, usilifiche porini. Mwambie muuza duka saa mtakayorudi. Kama ni daladala, shukeni upande wa kilima au vukeni lami mkiwa mmeshikana mikono wote, kwa sababu malori ya kwenda Iringa hayana subira. Familia kwenye bodaboda moja, hapana.

Hatua ya 6: Njiani, kuanzia chini hadi kwenye mawe

Njia yangu inaanza na korongo. Kiangazi ni barabara ya mchanga mweupe, watoto wanavua viatu kabla hujakataza, na mwenye bahati anakuta akina mama wamechimba kisima kidogo mchangani na wanachota kwa kata. Msikanyage ukingo wa kisima hicho. Masika korongo hilohilo ni kitu kingine. Mvua inaweza kunyesha vilima vya mbali ambako huoni hata wingu, na maji yakaja yamesimama kama ukuta yakiwa na magogo. Kanuni yangu haina mjadala: miezi ya mvua, kukiwa na wingu jeusi upande wowote, hatuvuki. Tukishavuka na wingu likatokea, tunarudi hapohapo.

Baada ya korongo mnaingia ardhi nyekundu na kilima kinaanza kuinuka taratibu. Hapa mwambie mtoto atazame matuta. Mengi hayapandi na kilima, yanakikata kwa ubavu, usawa mmoja, kama mistari ya daftari. Kazi yake ni kuyazuia maji yasishuke mbio na udongo. Kuna aina inayoitwa fanya juu: mkulima anachimba mtaro na kutupia udongo upande wa juu wa kilima. Akiutupia chini, inaitwa fanya chini. Wataalamu wa udongo wa nchi nyingine nao wanayatumia majina hayohayo ya Kiswahili. Mpe mtoto kijiti achore kwenye vumbi, mwagia kikombe cha maji, aone yanavyotuama. Ataelewa kuliko darasani.

Ukishamwonyesha hivyo, ataelewa pia kwa nini hatutembei juu ya tuta. Kisigino kimoja kinabomoa mdomo wa tuta, mvua ijayo inapitia palepale, na baada ya misimu michache hapo pana korongo jipya. Hii si hadithi ya kutisha watoto. Kondoa ardhi iliharibika hadi mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika ili majani yarudi. Muulize mzee yeyote wa huko akusimulie habari ya kuswaga ng'ombe kuwaondoa nyumbani.

Mbele kidogo kuna visiki vyenye vitambaa. Mtoto ataona kitambaa kimefungwa kwenye mti mwembamba katikati ya shamba na mkono utamwasha akifungue. Asikifungue. Huo ni kisiki hai: mti uliokatwa zamani, mizizi yake bado mizima, mkulima amechagua machipukizi machache yenye nguvu, amepogoa mengine, na kitambaa kinawaambia wachunga mbuzi na wakata kuni kwamba huyu ana mwenyewe. Hakuna mche ulionunuliwa wala kumwagiliwa.

Kisha mizabibu. Imepandwa kwa mistari, imesimamishwa kwa nguzo na nyaya, na Agosti vishada vinaning'inia usawa uleule wa macho ya mtoto wa miaka minane. Ni mtihani. Zabibu haichumwi na haidokolewi, kwanza kwa sababu ni mali ya mtu, pili kwa sababu ukiona unga mweupe au wa njano kwenye majani na matunda huenda ni dawa. Zabibu zinapigwa salfa na dawa nyingine kuzuia ukungu. Mkimkuta mwenye shamba, nunueni kwake, mzioshe kwa maji mliyobeba, mkae mle. Chupa tupu za dawa zilizotupwa mpakani zisiguswe hata kwa mguu.

Ua wa shamba hilo, kama ilivyo kwa mengi, ni minyaa. Huu ni mmea wenye vijiti vya kijani kama penseli, hauna majani ya kuonekana, na mtoto yeyote mwenye akili atatamani kuuvunja. Ukivunjwa unatoa utomvu mweupe kama maziwa, na utomvu huo ukiingia jichoni ni dharura kabisa. Ndiyo kazi ya ile chupa ya ziada: laza mtoto, fungua jicho, mwagia maji polepole kwa dakika kumi na tano au zaidi, asilipekeche, kisha hospitali siku hiyohiyo. Kabla hatujafika kwenye ua mimi huwasimamisha watoto wote, nawaonyesha kijiti kimoja kilichokwisha kuvunjika, waone maziwa. Baada ya hapo hakuna anayegusa. Ukikataza bila kuonyesha, unawapa hamu.

Kivuli chetu cha katikati ni mbuyu. Kiangazi hauna hata jani, kwa hiyo kivuli ni cha shina, na shina lenyewe watoto sita wakishikana mikono hawalizunguki. Tunakaa dakika ishirini, tunakula viazi. Kabla ya kukaa tazama juu: kama kuna mzinga wa gogo umetundikwa, hamia mti mwingine. Nyuki wakishachokozwa msipunge mikono. Funikeni uso na kanga mkimbie mbali, mkubwa abebe mdogo. Kukiwa salama, nyamazeni kidogo. Kwenye matundu ya mbuyu hukaa kasuku wadogo wa kijani wenye shingo ya njano, ndege wa Tanzania ya kati na kaskazini, na kelele zao ni kubwa kuliko umbo.

Sehemu ya mwisho ni mawe makubwa ya mviringo yaliyorundikana juu ya kilima, yale ambayo ukiyatazama kutoka barabarani unadhani yamepangwa na mtu. Huko ndiko kwenye pimbi. Wanaota jua asubuhi juu ya mawe, wanene kama sungura asiye na masikio marefu, na mmoja daima analinda. Waambie watoto kwamba tembo ni ndugu wa karibu wa mnyama huyo kuliko panya, hawatakubali, na ubishi huo utawafikisha juu bila kuuliza "bado?".

Penye pimbi na mawe pana nyoka. Mkono hauingizwi kwenye ufa, jiwe haligeuzwi, na mkubwa anatangulia akikanyaga kwa kishindo. Kifutu ndiye wa kuogopa zaidi njiani kwa sababu hakimbii, amelala rangi ya vumbi akingoja. Mtu akiumwa: akae chini atulie, vua pete, bangili na viatu vya upande ulioumwa, funga kiungo kwenye kijiti kisicheze, mbebe hadi kwenye gari na moja kwa moja hospitali. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba, usimtafute nyoka. Swila akitema mate machoni, ni maji mengi kama kwa minyaa, na hospitali vilevile.

Tukifika juu tunakaa upande wa upepo, watoto wanatafuta nyumba za mjini kwa mbali na reli. Hatukai sana, nusu saa. Jua tayari limeanza kuuma mabega.

Hatua ya 7: Kushuka

Watoto wanaanguka wakati wa kushuka, kwa sababu wanakimbia. Changarawe nyekundu juu ya ardhi ngumu inateleza kama punje za mtama sakafuni. Mkubwa mmoja awe mbele kama breki na hakuna kumpita. Pumziko la pili liwe palepale kwenye mbuyu hata kama hamjachoka. Maji yanyweke yote kabla ya korongo.

Pitia kwa uliyempigia hodi, mwambie mmerudi salama. Ni dakika tatu. Mwezi huohuo nilioomba radhi kwa karanga nilirudi kwa yule mama na mche wa sabuni na nusu kilo ya sukari, akaniuliza mbona yule mdogo leo hakuja.

Nyumbani, kabla ya kuingia ndani, watoto wote wanakaa barazani miguu juu. Soksi zinageuzwa, viatu vinakung'utwa, shingo na nyuma ya masikio vinakaguliwa kupe. Sisi tunahesabu mbigili kwenye kila soli, na mwenye nyingi ndiye anaoga wa kwanza.